Uyoga Katika Chumba cha Kitinda

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikaa nyuma ya dirisha la tatu la hospitali ya mtaa, akitoa dawa, mpaka watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Dada Dirisha. Dirisha lenyewe halikuwa kitu cha kujivunia: kioo chenye tundu la ukubwa wa sahani, na chini yake ubao uliolainishwa na viwiko vya wagonjwa. Alisoma cheti, akahesabu vidonge kwa kijiko bapa, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika juu yake kwa kalamu ya bluu, kisha akainama tunduni na kusema, "Maliza dozi, hata ukijisikia umepona." Maneno hayo yalikuwa yakimtoka kama pumzi, bila kuyafikiria.

Hakuolewa. Aliishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na mdogo wake wa pekee, wa kiume, waliyepishana naye miaka tisa. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba, mama alimwita Kitinda, na jina likamganda hata alipoota ndevu. Kitinda alikuwa mchora mabango. Duka la vipuri, saluni, mashine ya kusaga, ofisi ya wakili, barabara nzima ya sokoni ilisomeka kwa mkono wake. Ungeweza kumtambua kwa herufi R, ambayo mguu wake aliurusha mbele kama mtu anayevuka dimbwi. Maneno hayakumpungukia. Mteja akimwomba apunguze herufi ili kazi iishe upesi, alimjibu, "Nipunguze ipi, mzee? Chagua mwenyewe, kisha duka lako tuliite Dka."

Kisha akaugua, na ugonjwa wake haukuwa na pa kuushikia. Hakuna aliyemfia, hakuna aliyemkimbia, hakuna aliyemdhulumu. Asubuhi moja alishindwa tu kuvaa kiatu cha pili. Mama alimkuta ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na saa sita mchana alimkuta vilevile. Mama akadhani ni uvivu. Siku ya tatu akadhani ni homa. Wiki ya tatu Dada Dirisha alimnawisha uso kwa nguvu kama mtoto, akamshika mkono mpaka hospitali, kwa daktari wa akili aliyekuwa akija kila Alhamisi.

Daktari huyo alikuwa mtu mpole, na mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi. Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyosema. Mwishowe akatamka, "Hii ni sonona. Ni ugonjwa kama mwingine, na una dawa. Ila dawa yake haina haraka, na wewe usiwe nayo."

Vidonge vilitolewa dirisha la tatu. Kila mwisho wa mwezi Kitinda alisimama kwenye foleni kama watu wengine, kwa kuwa hakutaka kupitishwa mlango wa nyuma. Akifika tunduni anainama na kusema, "Shikamoo, daktari," na dada yake anajibu, "Marahaba, mgonjwa. Maliza dozi."

Baada ya miezi minne vidonge vilikuwa vimemrudisha nusu. Alikula, alioga, alijibu akiulizwa. Lakini brashi hakuishika. "Ni kama nilifunikwa blanketi lililoloa," alimwambia dada yake. "Sasa mmelikausha. Lakini bado nimefunikwa, Dada."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya dada mtu aanze kutafuta huku na huku. Na anayetafuta hakosi. Katika chumba cha chai cha hospitali kulikuwa na rundo la majarida ya zamani, na katika jarida moja alikuta ukurasa uliosema kwamba watafiti waliochunguza vyakula vya maelfu ya watu waliona kuwa walao uyoga mara kwa mara hawapatwi sana na sonona kama wasioula. Huenda, ukurasa ulisema, ndani ya uyoga kuna kitu kinachoukinga ubongo. Huenda pia walao uyoga wana maisha mengine tofauti. Uchunguzi ulikuwa bado unaendelea. Dada Dirisha aliukata ukurasa kwa mkasi wa kukatia bandeji, akaupeleka nyumbani, akauweka mezani mbele ya mdogo wake.

"Soma hii," akasema. "Kumbe uyoga ni dawa."

Baadaye alilirudia neno hilo kichwani mara zisizo na idadi. Ukurasa ulisema huenda. Yeye, mtoa dawa wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyesema dawa.

Kitinda aliusoma ukurasa ule mara tatu, kisha akasimama. Hilo peke yake lilimfanya mama aweke mikono kifuani. Ndani ya wiki mbili alikuwa amejifunza kazi kwa mkulima mmoja wa upande wa pili wa mji. Alitoa kitanda chake, akaweka rafu alizozipigilia kwa mabango yake yaliyokataliwa na wateja, akaziba dirisha kwa kitambaa cheusi, na yeye akahamia godoro la sebuleni. Alichemsha majani makavu kwenye pipa, akayaacha yapoe, akayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu za uyoga, akaifunga, akaandika tarehe kwa rangi nyekundu, kila R ikirusha mguu kama kawaida yake. Siku zikapita. Utando mweupe ukatambaa ndani ya mifuko kama ukungu kwenye mkate. Ndipo kwenye matundu aliyoyatoboa kwa wembe yakachomoza masikio ya uyoga, madogo, meupe, yamebanana.

"Watu husema nyumba zimeota kama uyoga," Kitinda alimwambia mama. "Hao hawajawahi kuotesha uyoga. Uyoga wenyewe hauoti kama uyoga."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Walikuwa hawajacheka humo ndani kwa nusu mwaka.

Uyoga ulikaangwa na kitunguu, ulitiwa kwenye mchuzi, ulichomwa juu ya makaa. Kitinda alikula kila siku, uso ukajaa, mluzi ukarudi. Akachora bango jipya la kinyozi bila kuombwa. Majirani walikuja kununua, naye akawaambia, "Huu hauponyi njaa tu." Kila asubuhi, kabla ya chai, alipulizia maji chumbani mwa uyoga kwa bomba la mkono, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya. Fss, fss, fss. Dada Dirisha alivalia koti lake jeupe kwa mlio huo, akijisikia mtu aliyefanya jambo jema maishani. Na kila mwisho wa mwezi Kitinda alisimama foleni, akainama, akasalimia, akapokea bahasha yake. Miezi saba, hata mara moja hakukosa.

Jumanne moja alipulizia maji kama kawaida, akamwamkia mama jikoni, akasema anakwenda kutafuta majani makavu. Hakurudi. Walimkuta kesho yake. Alikuwa amejitoa uhai, na namna walivyomkuta si jambo la kusimuliwa hapa.

Msibani watu walisema yale watu wasemayo. Mwanamke mmoja, hakuwa na nia mbaya, alipumua na kusema, "Ndiyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa." Dada Dirisha alikuwa akigawa vikombe. Aliviweka chini kimoja kimoja, taratibu, akatoka nje.

Siku ya nne baada ya mazishi, mifuko yote ilichanua kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa ameingia chumbani tangu Jumanne ile, lakini harufu ilipita chini ya mlango, harufu ya udongo baada ya mvua. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, macho makavu.

"Nenda ukachume," alisema. "Usiiache kazi ya mkono wa mwanangu ioze."

Dada Dirisha alikwenda. Mkono ulipokuwa kwenye kitasa alisikia ndani, fss, fss, fss. Kimya. Fss, fss, fss. Akafungua. Bomba lilining'inia kwenye msumari wake. Sakafu ilikuwa kavu. Lakini juu ya uyoga kulikuwa na matone, madogo, safi, na masikio yote, kwenye rafu zote, yalikuwa yameelekea mlangoni. Alijua sababu. Kitinda alikwisha kumweleza kwamba uyoga hufuata hewa na mwanga kidogo. Kujua hakukumsaidia. Alichuma, na uyoga wote akaugawa kwa majirani. Si yeye wala mama aliyeonja.

Tangu hapo mlio ulikuja karibu kila asubuhi. Hakumwambia mtu. Kazini alianza kukosea vitu vidogo. Mwisho wa mwezi alijikuta ameandaa bahasha, vidonge thelathini, maelezo yote kwa kalamu ya bluu, kisha akainama tunduni na kuita jina kamili la mdogo wake. Mzee aliyekuwa mbele akavua kofia. Dada Dirisha akaisukuma bahasha ile ndani ya mfuko wa koti, akasema, "Anayefuata," kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Mfuko wa majani ukishatoa uyoga mara tatu nne huchoka, na hauna budi kuvunjwa. Jumapili moja alianza kuivunja uani mifuko ya zamani, ambayo Kitinda hakuivunja kamwe. Aliupasua wa kwanza, akayamwaga majani yaliyogeuka kijivu, na chini kabisa, ndani ya kinailoni kilichofungwa fundo, akakuta bahasha ya kaki. Kimoja kila asubuhi, iliandikwa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Haikuwa imefunguliwa.

Akapasua wa pili, ambao haukuwa na kitu. Akaendelea kupasua mpaka kucha zikauma. Zilikuwa bahasha saba, moja kwa kila mwezi, kila moja kwenye mfuko wenye tarehe ya mwezi wake. Kitinda hakumeza hata kidonge kimoja tangu alipokula uyoga wa kwanza. Alikuwa ameambiwa amepata dawa, akaiamini. Na zile foleni zote, ule mgongo wake ulioinama tunduni kila mwisho wa mwezi, zile shikamoo, havikuwa kwa ajili ya ugonjwa wake. Alisimama foleni ili dada yake asiwe na wasiwasi.

Alizifunga bahasha kwenye khanga, akaificha chini ya nguo zake. Mama hakuambiwa.

Ungewauliza watu wa hospitali dalili za sonona, Dada Dirisha angekuwa wa kwanza kuzitaja. Lakini mganga hajigangi. Usingizi ulimkimbia, naye akasema ni msiba. Chakula kikawa kama karatasi, akasema ni msiba. Alisimama mbele ya kabati dakika nyingi asijue alikuja kutafuta nini. Kitu kimoja tu alikifanya bila kukosea: alichemsha majani mapya, akajaza mifuko mipya, akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kawaida. Watu walidhani anaendeleza kazi ya marehemu. Ukweli ni kwamba aliuogopa mlio wa chumbani, lakini aliiogopa zaidi siku utakaponyamaza.

Alasiri ya Jumamosi moja akabisha hodi mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mwanamke mnene, mchangamfu, ila siku hiyo uchangamfu wake ulikuwa umefifia. Dada Dirisha alimkaribisha jikoni, akamwekea kikombe.

"Nimekuja kwa shida, Dada," mwalimu alianza. "Mume wangu unamfahamu, fundi magari. Mwezi wa tatu huu anaangalia ukuta. Gereji imefungwa. Daktari wenu wa Alhamisi amempa vidonge, kavinywa wiki mbili, kaviacha. Anasema vijana wa gereji wamemwambia hapa kwenu kuna uyoga unaotibu. Kwamba marehemu alikuwa anautumia na alipendeza sana. Nisaidie, nimpelekee."

Dada Dirisha alimmiminia tena kikombe, ili mikono iwe na la kufanya. Mwalimu akainamisha kichwa kidogo upande wa chumba cha Kitinda.

"Na huyo anayepulizia maji humo ndani," akasema, "si umwambie apumzike kidogo, naye anywe chai?"

Jiko zima likawa baridi. Mlangoni alikuwa amesimama mama, fimbo mkononi. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Na wewe umesikia?" mama akamwuliza mwalimu.

"Nimesikia nini, mama? Bomba la maji. Tatu, kimya, tatu."

Dada Dirisha alimgeukia mama yake. Miezi mitano waliishi chini ya paa moja, kila mmoja akidhani anasikia peke yake, kila mmoja akimficha mwenzake ili asimtie hofu. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na khanga, akaifungua juu ya meza. Bahasha saba. Akasimulia yote, ukurasa wa jarida, neno alilolitamka, mifuko aliyoipasua. Hakulia. Alisimulia kama anayesoma cheti cha mtu mwingine.

Mama alizigusa bahasha kwa ncha ya kidole. "Nilijua anaficha kitu," alisema. "Kila mwezi kulikuwa na mfuko mmoja anaufunga akiwa amenipa mgongo. Nikadhani anatuwekea akiba. Nikasema, mwache mtoto, ana siri yake njema."

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Dada Dirisha akamwambia, "Uyoga nitakupa. Ni chakula kizuri, na labda una cha kusaidia. Wanaoujua zaidi yangu bado wanachunguza. Lakini sikupi dawa. Mwambie mumeo ale uyoga na vidonge avirudie kwa maelekezo ya daktari, wala asiviache tena bila kuzungumza naye. Mwambie nimesema mimi, dada wa marehemu. Mlete Alhamisi."

"Nitamleta," mwalimu alijibu. Kisha akakitazama kikombe chake, akakitazama tena. "Na wewe, Dada? Wewe anakupeleka nani?"

"Mimi sina ugonjwa. Nina msiba."

"Sawa. Lakini umenimiminia chai mara mbili, na mara zote mbili haina majani. Haina sukari. Nimekaa hapa nakunywa maji ya moto kwa adabu."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, cheko kama kikohozi, kisha mwalimu. Dada Dirisha alikitazama kikombe kilichojaa maji meupe, akacheka naye, na kicheko kikamgeukia katikati ya safari, kikawa kilio kilichomlaza kichwa mezani, juu ya bahasha.

Alhamisi alisimama kwenye foleni, upande wa nje. Daktari alimsikiliza muda mrefu, na alipofika kwenye mlio wa bomba hakucheka wala hakutikisa kichwa. Aliandika.

"Unakuogopesha?" akauliza.

"Zamani. Sasa unanichosha tu."

"Umekuwa ukijilaumu kwa neno moja," daktari alisema. "Mimi nilimwona kila baada ya miezi miwili, uso kwa uso, na sikugundua. Tuko wengi humo, Dada. Usijibebeshe peke yako."

Binti aliyeshika zamu dirisha la tatu alipokipokea cheti na kuona ni cha nani, kalamu ilimponyoka. Alihesabu vidonge mara mbili, akaandika, akainama tunduni. Alipitisha vidole viwili chini ya kioo akagusa mkono wa mkubwa wake, na watu wa nyuma wakavumilia.

Siku zikawa siku. Vidonge havikuwa na haraka, na yeye alijitahidi asiwe nayo. Usingizi ulirudi kwa vipande. Kuna asubuhi alizosikia mlio na kuna alizoamka kukiwa kimya, na hakuweza kusema ni ipi iliyomwuma zaidi. Aliendelea kuotesha uyoga, na sasa waliula, yeye na mama, bila kuupa kazi isiyo yake. Aliyekuja kuuliza dawa aliketishwa jikoni kwanza.

Fundi magari alianza kuja hospitali kila Alhamisi ya miadi yake, kimya, mafuta ya gari yakirudi polepole kwenye kucha zake. Ila Alhamisi moja foleni ilisogea, ikaisha, naye hakuonekana. Mke wake alikuwa darasani. Dada Dirisha alifunga dirisha la tatu kabla ya saa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka mbio na koti lake jeupe, akapita soko, watu wakimpisha wakidhani kuna ajali.

Akabisha hodi nyumbani kwa fundi. Kimya. Akabisha kwa ngumi. Kimya. Alitia sikio mlangoni, akasikia moyo wake tu. Alikuwa akirudi nyuma ili ausukume mlango kwa bega, pale kitasa kilipozunguka. Fundi akatokea, taulo begani, nusu ya kidevu imejaa povu la sabuni.

"Dada! Kwani saa ngapi? Nilikuwa uani nyuma, nanyoa."

Dada Dirisha alikaa pale pale kizingitini. Fundi akaelewa, na uso wake ukabadilika chini ya povu. Alimletea maji kwenye bilauri, akachuchumaa mbele yake mpaka akayanywa yote.

"Nipe dakika mbili," akasema. "Nikinyoa nusu hii, tunakwenda."

Aliacha mlango wazi ili amwone. Alipomaliza akavaa shati, akafunga nyumba, akasimama kando kumpisha. Dada Dirisha akakataa. Akamwambia atangulie yeye, naye akamfuata nyuma mpaka hospitali, macho yake hayakubanduka mgongoni pake.